UZI: "Moto wa kuotea mbali" – hiyo "kuotea" ni ipi? Tukichambue kitenzi KUOTA (moto, jua)

MhaririZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kurasa za michezo hazimalizi wiki bila msemo huu. Timu ikishinda mechi tatu mfululizo inakuwa "moto wa kuotea mbali". Mshambuliaji akifunga mawili ugenini, naye ni moto wa kuotea mbali. Msemo ni mzuri, tatizo ni maelezo yanayozunguka mitandaoni. Wapo wanaosema hiyo "kuotea" ni ile ya kuvizia, kama simba anavyomwotea swala, ndiyo maana msemo umeshika kwenye soka ambako tayari tuna "goli la kuotea". Wengine wanasema ni ndoto: moto mkali kiasi kwamba hata ukiuota usingizini uuote ukiwa mbali.

Maelezo yote mawili yanapotosha, na madhara yake yanaonekana kwenye matini. Siku hizi utakuta "timu ya kuotea mbali" bila moto wowote, au "mchezaji huyu anaotea mbali", sentensi ambayo kwa msomaji wa soka inamaanisha jamaa kazidi mbele ya beki kwa mita kumi. Wenye sarufi karibuni. Tuanze na kitenzi chenyewe.

ShinaNaKiambishi

Mhariri, umeleta jambo la maana. Kitenzi hapo ni kuota kwa maana ya kupokea joto la moto au jua kwa raha yako. Kuota moto. Kuota jua. Hakuna kuvizia, hakuna ndoto.

Tumtazame anayeota moto. Amekaa au amechuchumaa mbele ya jiko, viganja vimefunguka kuelekea kwenye makaa. Baada ya muda anavigeuza, migongo ya mikono ipate zamu yake. Mbele kukichoma anageuka, mgongo uote. Haugusi moto. Kati yake na moto pana nafasi, na nafasi hiyo anaipanga mwenyewe: moto ukififia anasogea, ukikolea anarudi nyuma. Hiyo nafasi ndiyo roho ya kitenzi na ndiyo roho ya msemo. Moto wa kawaida unauotea karibu. Moto mkubwa, ule unaobabua nyusi, unauotea mbali. Kwa hiyo kumwita mtu "moto wa kuotea mbali" ni kusema: ukitaka salama yako, usimsogelee.

Sasa kiambishi -e-. Kwa nini "kuotea" na siyo "kuota"? Kwa sababu pametajwa mahali. Kiswahili kinapounganisha tendo na "mbali" hupenda kauli ya kutendea: potelea mbali, tupilia mbali, fia mbali. Husikii "fa mbali". Kauli hiyo hiyo iko kwenye "kiti cha kukalia", "chumba cha kulalia", "mahali pa kuotea moto". Kwa hiyo: ot- (mzizi), -e- (kutendea), -a (kiishio), halafu mbali.

Atakayeandika "moto wa kuota mbali" ataeleweka, ila sikio la mzoefu litahisi kuna kitu kimedondoka.

Mdadisi_wa_Bara

Mwalimu, shukrani. Swali la jirani: tutajuaje kwamba "kuota moto", "kuota ndoto" na "mbegu kuota" ni vitenzi vitatu na siyo kimoja chenye maana tatu? Kuna wanaodai asili yake ni moja: joto huotesha mbegu, na aliyelala kwenye joto huota ndoto.

ShinaNaKiambishi

Dai hilo ni tamu lakini halisimami. Vipimo vipo, na kila mtu anaweza kuvifanya mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

Anza na nomino. Muulize kila "kuota" amezaa nini. Kuota kwa usingizini kumezaa *ndoto*. Kuota kwa mimea kumezaa *uoto*, ndiyo maana jiografia ina "uoto wa asili", na watu wa kilimo wana "uotaji" wa mbegu. Kuota kwa joto kuko ukoo mmoja na *moto* na *joto*. Kata kiambishi: m-oto, wingi wake mi-oto, j-oto. Hakuna anayeita ndoto "moto", wala uoto wa asili "joto la asili". Koo tatu hazichangii watoto.

Kisha geuza kiima. "Nyasi zimeota uwanjani" inageuka kuwa "uwanja umeota nyasi" na maana inabaki. "Ukungu umeota kwenye mkate", "mkate umeota ukungu". Jaribu kwenye joto: "Bibi anaota jua." Geuza: "Jua linaota bibi." Imevunjika. Kwenye mimea, kinachoota na mahali kinapoota hubadilishana viti. Kwenye joto, mwenye kuota lazima awe kiumbe mwenye hisia, na moto au jua hubaki yambwa (kinachotendwa) siku zote.

Kipimo cha mwisho ni kauli ya kutendeka. "Moto huu hauoteki", yaani ni mkali mno, hakuna awezaye kukaa nao. "Jua la saa saba halioteki." Peleka sura hiyo kwenye mbegu uone: "mbegu hizi hazioteki" haisemwi, husemwa "hazioti".

Kilinge_cha_Lugha

Niongeze ushahidi wa lugha ndugu, maana hapo ndipo mambo yanapong'aa.

Kwenye lugha nyingi za Kibantu vitenzi hivi havifanani. Kikuyu: *-ota* mwaki ni kuota moto, *-roota* ni kuota ndoto. Kiganda: *okwota* omuliro au omusana ni kuota moto au jua, *okuloota* ni kupata ndoto. Kinyarwanda: *kota* umuriro, *kota* izuba, lakini *kurota* ni ndoto. Kichewa: *-otha* moto na dzuwa, *-lota* ni ndoto. Kilingala nacho ndoto ni *kolota*. Kote huko, cha ndoto kina L au R mwanzoni, cha joto hakina.

Kiswahili kiliangusha ile L ya kale katikati ya irabu. Ndiyo maana majirani wana *njala* na *mvula*, sisi tuna njaa na mvua. Kulota kukawa kuota, kukakutana na kuota kwa moto ambako hakukuwa na L tangu zamani. Sauti zikagongana, maana hazikugongana.

Lakini L ile haikufa kabisa, imejificha kwenye nomino. Itazame *ndoto*. Hiyo D imetoka wapi, kama kitenzi ni -ota? Imetoka kwenye n + l. Ni sheria ile ile ya ulimi kuwa ndimi, na -refu kuwa ndefu. N + lota ikatoa ndoto. D hiyo ni kovu la L iliyodondoka. Kila unapotamka "ndoto" unatamka ushahidi kwamba ndoto na moto hazikuzaliwa nyumba moja.

Mdadisi_wa_Bara

Hilo la D sijaliona likielezwa wazi hivi. Na mimea je? Nayo ina L yake?

Kilinge_cha_Lugha

Kwa mimea, neno la pamoja la lugha hizi ni lile tulilonalo kama *mea*: Kikuyu na Kiganda wana *-mera*, Kinyarwanda *kumera*. R imeanguka kwetu, tukabaki na mea na mmea. Kwa hiyo Mganda akisema mbegu zimechipua hatumii kitenzi chake cha kuota moto. Kama joto ndilo lingekuwa asili ya maana ya kuchipua, tungetarajia lugha hizo nazo zitumie kitenzi kimoja. Hazifanyi hivyo.

ShambaDarasa

Wakuu, upande wa kilimo mtuachie neno letu, kwetu ni la vipimo. Kabla ya kupanda mahindi yaliyokaa ghalani unafanya jaribio la uotaji: hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri, zipange kwenye kitambaa au gazeti lililolowa, viringisha, weka kivulini, hakikisha unyevu haukauki wala maji hayatuami. Baada ya siku 5 hadi 7 fungua uhesabu. Zikiota 85, uotaji ni asilimia 85. Maji yakituama mbegu zinakosa hewa na kuoza, kisha mtu analaumu mbegu.

Nalileta hili kwa sababu ya kauli ya kutendesha. *Kuotesha* bila yambwa nyingine, kwa mkulima, ni mbegu au miche tu. "Leo tunaotesha" maana yake kuna kitalu. Na kuna *maotea*, mimea ya msimu uliopita inayojiotea yenyewe shambani. Hiyo nayo ni "kuotea" nyingine ambayo si ya simba wala ya moto.

MhaririZamu

Kwa hiyo tuna "kuotea" ngapi sasa? Tupange vizuri kabla wasomaji hawajachanganyikiwa.

ShinaNaKiambishi

Kuotea kwa kuvizia ndiko kulikoenda kwenye soka: mshambuliaji amekaa karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, anausubiri mpira kama mwindaji. Hapo panatoka pia "ameotea tu", yaani kabahatisha jibu. Kuotea kwa mimea ni kuota mahali fulani: "nyasi zimeotea kwenye ufa". Kuotea kwa joto ni kuota moto au jua ukiwa mahali fulani: "wanaotea jua barazani".

Njia ya haraka ya kutenganisha ni kuuliza: nikitoa -e-, sentensi inabaki na maana ile ile? "Wanaotea jua barazani", toa -e-: "wanaota jua". Imebaki. "Simba anamwotea swala", toa -e-: "simba anamwota swala". Sasa simba amelala anaota ndoto. Haikubaki. Sasa upime msemo wetu: moto wa kuotea mbali, moto wa kuota. Imebaki. Ni joto.

Mpwani_Halisi

Hodi jamvini. Nina neno juu ya mipaka, kwa sababu naona watu wanaandika "kuota" kwa kila aina ya joto.

Kuota ni kwa kitu kinachotoa joto nawe uko pembeni yake. Kwenye somo la sayansi joto husafiri kwa mpitisho, myuko na mnururisho. Kuota ni mambo ya mnururisho zaidi, yaani joto kukufikia kwa miali bila kukigusa chanzo chake. Ukijifunika blanketi huoti blanketi, umejifunika upate joto. Maji ya moto hayaotwi, huogwa, au mtu hukandwa nayo. Mvuke hauotwi, mtu hujifukiza. Chakula hupashwa moto, maji hukanzwa au huchemshwa, misuli hupashwa joto kabla ya mechi. Hita ya ukutani, ndiyo, unaweza kuiota, kwa sababu umekaa mbele yake kama unavyokaa mbele ya jiko.

Upande wa pili wa kuota jua ni *kupunga upepo*. Ni tendo lile lile la kuutega mwili kwenye hali ya hewa kwa kustarehe, ila huku unatafuta ubaridi. Pwani, alasiri, watu hupunga upepo na kubarizi. Asubuhi ya kipupwe huko Makete, Lushoto au Limuru watu huota jua. Ukiandika kwamba watu wa Mombasa wameketi saa nane mchana wa Februari "wakiota jua", msomaji wa huko atajua hujafika.

Na tusichanganye na kuanika. Nguo huanikwa, dagaa huanikwa, mpunga huanikwa, kisha mvua ikitishia huanuliwa. Lengo la kuanika ni kukausha. Mtu akiambiwa "umejianika juani" kuna lawama ndani yake: umekaa ovyo, utaungua. "Unaota jua" haina lawama. Na "kuanika" kumeenda mbali zaidi, siri nazo huanikwa.

MuuguziLugha

Mpwani, asante kwa hilo la kuanika, linatuhusu sana. Kwenye matini za afya ya mtoto nimeona "mwanike mtoto juani asubuhi". Hapana. Mtoto si dagaa. Andika *mwoteshe mtoto jua*, au "mtoto aoteshwe jua". Tahajia ni mw-, siyo mu-: kumwotesha.

Maelezo yenyewe nayo yasiwe nusu. Vitamini D hutengenezwa pale miali ya urujuanimno ya aina ya B inapofika kwenye ngozi, na kioo cha dirisha huizuia miali hiyo karibu yote. Mtoto aliyepakatwa nyuma ya dirisha lililofungwa anaota jua kweli, joto analipata, lakini vitamini hiyo haipati. Kitenzi kinazungumzia joto na raha, hakiahidi vitamini. Anayetafsiri kipeperushi aandike wazi: "nje, au dirisha likiwa wazi", na aongeze kwamba ngozi ya mtoto mchanga huungua upesi, kwa hiyo ni jua la upole na kwa muda mfupi.

Msimu wa baridi kuna onyo jingine ambalo kitenzi chetu ndicho kinalibeba: "Usiote jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa." Mara nyingi huandikwa "usitumie jiko la mkaa ndani", na msomaji anaona haimhusu kwa sababu yeye hapiki, anaota tu. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na aliyelala haamki. Makaa yaliyobaki mekundu bila moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, watu hudhani moshi ukiisha hatari imeisha. Kwa hiyo tumieni kitenzi halisi: *usiote, usilale nalo, litoeni nje kabla ya kulala*.

Mdadisi_wa_Bara

Dada Muuguzi, hapo umenigusa. Neno moja limebadilisha anayeambiwa.

Naomba tuangalie na misemo mingine ya kuota, maana wahariri huichanganya yote: kuota mizizi, kuota pembe, kuota mbawa.

ShinaNaKiambishi

Zote tatu ni za mimea, za kuchomoza. Rushwa imeota mizizi: imeshika chini. Mtu ameota pembe: amekuwa jeuri. Matumaini yameota mbawa: yameruka, hayapo tena. Pamoja nazo weka meno, ndevu na sugu za mikononi. Ndoto ina "unaota wewe!", na "ndoto za mchana", na "ndoto za Alinacha". Ndoto pia ndiyo iliyotoa *kuoteshwa*, neno lililosikika nchi nzima Tanzania mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji Ambilikile Masapila aliyesema dawa yake alioteshwa na Mungu. Tazama: mche umeoteshwa, mtoto ameoteshwa jua, mchungaji ameoteshwa dawa. Sura ni moja kabisa, na kinachotenganisha ni yambwa tu. Kwa hiyo usiiache yambwa ikaning'inia.

Tahadhari moja ya uhariri: vichwa kama "Ndoto za ubingwa zaota mbawa" ni sahihi, lakini vinaweka maana mbili za kuota bega kwa bega. Kama aya inayofuata ina "moto wa kuotea mbali", umeweka zote tatu. Punguza moja.

Soko_na_Bei

Mimi natofautiana kidogo na wakuu. Mnasema msemo ni wa mtu au timu inayotisha. Mbona tunaandika "bei ya vitunguu ni moto wa kuotea mbali"? Bei haipigani na mtu.

ShinaNaKiambishi

Ndugu, kwa bei "bei ni moto" inatosha, hata "bei haishikiki" ni bora zaidi. Kuota ni tendo la hiari la mtu anayefaidi joto. Timu kali unaitazama, unaisifia, unaifurahia ukiwa jukwaani, ila hutaki kukutana nayo. Joto lake linaoteka ukiwa mbali. Vitunguu ghali vinakufaidia nini ukiwa mbali?

Soko_na_Bei

Nimekuelewa, sijakubali. Wasomaji wanaitumia kwa bei na wanaelewana. Msemo ukishakomaa, watu hawauchambui tena neno kwa neno.

MhaririZamu

Hapo mtaniachia nafasi ya uamuzi: kwa michezo, siasa na muziki nitaupitisha, kwa bei nitaufuta. Na wingi je? "Washambuliaji hawa ni mioto ya kuotea mbali"?

Kilinge_cha_Lugha

Hapana. Unabaki umoja: "Washambuliaji hawa ni moto wa kuotea mbali." Mioto ni kwa moto halisi uliowashwa sehemu nyingi. "Moto wa kuotea kwa mbali" nayo ipo na haina kosa. "Kuhotea" yenye H ni kosa la tahajia, rekebisha bila kuuliza.

Sauti_ya_Filamu

Wakuu, nafuatilia kimya kimya kwa ajili ya kazi ya maelezo ya filamu za wanyama. Mamba amelala ukingoni mwa mto, kinywa wazi. Tuseme "anaota jua", "anajianika", au "anapasha mwili joto"?

Mpwani_Halisi

Anaota jua. Mamba hawezi kuzalisha joto la kumtosha mwilini, hulifuata juani, na likizidi huacha kinywa wazi lipungue au anarudi majini. Kusogea, kukaa, kuondoka: anafanya alichokieleza mwalimu pale juu kwenye jiko. Mjusi ukutani hali kadhalika. Ila kuku juu ya mayai msiseme anaota. Yeye anatoa joto, hapokei. *Anaatamia*, na wapo wasemao anaotamia, siku 21 hadi vifaranga watoke.

Sauti_ya_Filamu

Na alizeti inayogeuka kulifuata jua?

Mpwani_Halisi

Hiyo usithubutu. Ukisema "alizeti inaota" msikilizaji atatafuta mche unaochomoza. Sema "inalielekea jua", au "inaligeukia".

Sauti_ya_Filamu

Nimepokea. Naenda kurekebisha sehemu ya kenge, nilikuwa nimemwanika.